Kura Nane za Watu Saba

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimesoma ujumbe wa Zuena mara nne. Haubadiliki.

Jumamosi tukutane kwake, Chang'ombe, sote tuliomaliza naye kidato cha sita miaka minane iliyopita. Darasa la watu saba tu. Kila mtu aje na kumbukumbu. Fransis hataweza, yuko Mbeya. Mwalimu Apolonia, mwalimu wetu wa darasa, amestaafu na atakuja. Ataleta bahasha ya zile kura. Alizihifadhi! Zitasomwa kwa sauti, tucheke.

Mie sicheki.

Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kusema. Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi ya lori, imening'inizwa kwenye mti wa mkungu. Asubuhi ya mtihani wa majaribio wa Jiografia ringi haikuonekana. Niliificha mie, chini ya kuni za jikoni. Nilidhani bila kengele mtihani hauanzi. Ulianza kwa filimbi. Mkuu wa shule akatugawia vikaratasi: kila mtu ataje mhalifu, kura ya siri. Nikaandika Nassibu. Alikuwa mtundu, nilijua kila mtu atamwandika. Akasimamishwa shule wiki mbili, akavuliwa ukaka mkuu. Mama yake alikuja kumpigia mkuu magoti, sisi tunatazama dirishani.

Sasa nataka kumwoa dada yake, Salma.

Barua ya posa aliipeleka amu yangu Aidarus wiki iliyopita, ndani ya leso nyeupe. Baba yao Salma ni marehemu. Jibu atalitoa kaka mkubwa, Nassibu. Jumapili hii.

Na mwandiko wangu darasa zima linaujua. Nilikuwa naandika ubaoni miaka miwili!

Jumanne, 12 Agosti

Nina mpango. Baada ya kazi nimekwenda kwa Mwalimu Apolonia, hapa hapa Kinondoni, na kilo nzima ya halua. Nimempa shikamoo mbili. Nikamweleza kwamba mie sasa ni karani wa masjala, kupanga nyaraka ndiyo kazi yangu, na karatasi za zamani huliwa na mende. Aniachie bahasha nimtengenezee jalada.

Akasema halua daktari kamkataza. Akasema bahasha haina mende. Akaniuliza mbona jasho linanitoka mwanangu, na feni inazunguka.

Nikasema ni furaha ya kumwona.

Bahasha nimeiona. Iko juu ya kabati la vyombo, kona moja imefunguka. Kidole kinapita. Halua nimerudi nayo.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango bora kuliko wa jana. Nitaandika kura mpya, kwa mkono wa kushoto. Jumamosi nitaitoa ya zamani na kuingiza mpya. Jina nitakaloandika ni la mwenzetu Brightson. Brightson hukasirika haraka na husahau haraka, hatadhurika.

Nimefanya mazoezi kutwa ofisini. Majalada kumi na manne nimeyaandika kwa kushoto. Saa nane Bi Widad, mkuu wetu wa masjala, akasimama nyuma yangu. Akaniamuru nitabasamu. Nikatabasamu. Akaniamuru niinue mikono yote miwili. Nikainua. Akawaambia wenzangu kwa sauti ya chini kwamba kiharusi siku hizi hakichagui umri, akanipa ruhusa niende hospitali.

Nimekwenda. Presha yangu iko juu. Hiyo si uongo.

Kura imekamilika, hata hivyo. Imekunjwa mara mbili, imo ndani ya mfuko wa kitambulisho changu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijalala vizuri siku mbili. Brightson ameandika kwenye kundi letu la simu kwamba atakayekutwa amemtaja mwenzake ataosha masufuria yote ya Zuena. Noela akajibu: "Wanoko mjiandae na sabuni!" Wote wakacheka kwa vikatuni. Na mie nikatuma kikatuni. Kidole kiliteleza, nikatuma kinacholia.

Amu Aidarus ameniuliza baada ya swala kama kuna jambo lolote la zamani kati yangu na familia ile, maana posa ni kama nguo nyeupe. Nikasema hakuna. Akaniangalia. Nikasema tena hakuna, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza mara ya pili.

Salma ameniambia kwa simu kwamba kaka yake hana neno na mie. Akaongeza kwamba mama yake bado huizungumzia ile ringi. Kila mwezi!

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefika wa kwanza ili nisaidie. Nimepanga viti. Mwalimu Apolonia akaniachia mkoba wenye bahasha akaenda kunawa. Nikaomba sala fupi. Nikapitisha kura mpya kwenye ile kona. Nikaanza kuvuta ya zamani. Ikaja nusu. Zuena akaingia na sinia la pilau, nikaachia, ikarudi ndani.

Kuanzia hapo sikusikia ladha ya chochote. Wenzangu wakakumbushana uji wa mawe, Mashaka alivyopiga deki akalala juu ya ndoo, Noela alivyoimba wimbo wa taifa kwa sauti ya mkuu. Nassibu alicheka mpaka akafuta machozi. Alikaa karibu nami. Alinimegea nyama.

Kisha bahasha. Mwalimu akahesabu. Akahesabu tena.

"Nyie mlikuwa wangapi?"

Saba.

"Hapa kuna nane."

Mashaka akasema shule yetu hata kura zilizaliana. Kicheko.

Ya kwanza: Sijui. Ya pili: Sijui. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Zote sijui! Kumbe walikubaliana, siku ile ile, nyuma ya choo. Mie sikuwepo, nilikuwa ofisini nampangia Mwalimu madaftari.

Ya saba: Brightson. Karatasi nyeupe kama maziwa, herufi kama kuku kapita. Brightson akaruka juu. Mwalimu akaigeuza, akavaa miwani, akasoma nyuma: "Imepokelewa, masjala, 13 Agosti 2025."

Niliigonga muhuri. Mie mwenyewe. Kila karatasi inayopita mezani kwangu naigonga muhuri, mkono hauniulizi!

Ya nane Mwalimu hakuisoma. Aliifunua tu. Nassibu. Herufi zimelala upande mmoja, nzuri mno.

Kura moja. Miaka minane nimejifariji kwamba tulikuwa wengi. Ilikuwa moja.

Nassibu alimaliza pilau yake. Akanawa. Akasema, "Twalib, hiyo kura nimekusamehe, tulikuwa watoto. Mie naulizwa na mama kitu kimoja tu: nani aliificha ile ringi? Kama unajua, njoo kesho umwambie yeye. Jibu lako utalikuta kwake."

Nimeosha masufuria. Hakuna aliyenisaidia.

Jumapili, 17 Agosti

Njia nzima nimerudia sentensi moja: Ni mie, mama, nisamehe. Maneno manne. Nimeyasema kwa mkono kifuani. Nimeyasema mbele ya kioo cha duka.

Bi Noor, mama yao, alinikaribisha kahawa na kashata. Shikamoo, marahaba. Nassibu pembeni. Salma nyuma ya pazia, niliona vidole vya miguu yake. Bi Noor akasema hataki ugomvi, yeye alipiga magoti kwa ajili ya mtoto asiye na kosa, anataka kujua tu kabla hajafa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikafungua mdomo. Ni, nikasema. Vidole vya miguu vikakaza.

"Ni Fransis, mama."

Alilia. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akasema mwanamume mkweli siku hizi ni nadra. Posa imekubaliwa! Ndoa Jumamosi, 27 Septemba! Salma alipiga kigelegele mwenyewe!

Kisha Bi Noor akasema Fransis lazima aje. Amemsamehe, lakini anataka kumsikia kwa kinywa chake. Fransis atakaa pembeni yangu siku ya ndoa. Nassibu alinisogezea kalamu, akasema kadi ya Fransis niiandike mie, maana ndiye mwenye mwandiko.

Nimeshaiandika. Ni nzuri sana, ina maua pembeni. Tarehe nimeweka 4 Oktoba. Mbeya ni mbali, mtu akichelewa wiki moja nani atashangaa?