Uzinduzi wa Kituo cha Kulinda Vichwa vya Wanamichezo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati iliyomteua Mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe mliofika, na waheshimiwa wajumbe ambao hawakufika lakini wamesaini kwamba wamefika. Wakuu wa shule mlioketi chini ya turubai lenye feni. Walimu wa michezo mliosimama kule juani. Wazazi mlioalikwa na wazazi mliokuja tu. Wanafunzi, wapiga picha, mabibi na mabwana: mimi Mkurugenzi wa Michezo ya Shule, Mlezi wa Kudumu wa Kombe la Mkurugenzi, mwasisi wa fikra hii na mgeni rasmi wa shughuli ambayo nimeiandaa mwenyewe, nasema itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, ajue alistahili kusahauliwa. (Kicheko, safu ya mbele.)

Ndugu zangu, kichwa ni kiungo muhimu sana. Mimi mwenyewe ninacho. (Makofi.) Lakini kwa muda mrefu sekta ya kichwa imeachwa nyuma katika michezo yetu. Tumekuwa na mkakati wa magoti, tumekuwa na sera ya vifundo vya miguu, lakini kichwa, pamoja na kukaa juu ya vyote, kilikuwa hakina hata kamati. Mtoto akigongwa uwanjani, tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunammwagia ndoo ya maji, tunampiga vibao viwili vya mashavu, tunamwambia “kaza roho”, anainuka na kukimbilia goli lake mwenyewe, na sisi tunashangilia kwamba ana moyo.

Sasa wataalamu wametueleza, katika warsha ya hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwamba hali hiyo inaitwa mtikisiko wa ubongo, na kwamba mtoto aliyegongwa kichwa anatakiwa atolewe uwanjani hapo hapo, apumzishwe, asirudi kucheza mpaka daktari amwone na kumruhusu. Huo ni ushauri mzuri sana. Tumeupokea, tumeujadili kwa mapana na marefu, tumeuingiza kwenye framewaki shirikishi na mtambuka, tukaufanyia rodimapu, na baada ya hapo tukauweka mahali salama ambapo hakuna mtu atakayeusumbua. (Makofi.)

Na matokeo yanaonekana! Data zetu zinaonyesha kwamba majeraha ya kichwa katika michezo ya shule yamepungua kwa asilimia tisini na saba tangu nilipowaagiza walimu waache kuyaripoti. (Makofi ya muda mrefu. Wajumbe wanasimama.) Hiyo asilimia tatu iliyobaki ni walimu wabishi, na hao nao tunawashughulikia.

Nitoe mfano hai. Njoo hapa jukwaani, mwanangu, simama karibu na bango, usifinye macho, huo ni mwanga wa kamera tu. Mnamwona binti huyu? Huyu ndiye golikipa ambaye uwanja mzima unamwita Sumaku, kwa sababu mpira ukimwona unamfuata. Katika fainali ya Kombe langu, mnakumbuka, aliruka kuufuata mpira wa kona akagonga kichwa kwenye mwamba wa goli, tukausikia mlio mpaka kwenye turubai la wageni. Alilala pale. Mwalimu wake wa michezo, kijana mwenye papara, akaingia akitaka kumtoa. Je, tungemtoa? Fainali ingeendelea na golikipa wa akiba, mfupi kuliko goti langu, mbele ya wapiga picha niliowaita kwa simu yangu mwenyewe?

Hapana. Nikashuka mimi mwenyewe, na viatu vyangu hivi, mpaka ndani ya boksi, nikatumia mtihani niliouvumbua, Itifaki ya Utambuzi ya Swali Moja. Mataifa mengine yanauliza maswali mengi, leo siku gani, nani anaongoza, nusu ya ngapi, wanawachanganya watoto bure. Mimi nauliza moja tu: “Mgeni rasmi wa leo ni nani?” Na binti huyu, akiwa amelala chali, jicho hili linatazama huku na hili linatazama kule, alitaja vyeo vyangu vyote, mfululizo, bila kuruka hata kimoja! (Vigelegele kutoka kwa waliovaa fulana za kamati.)

(Mwalimu wa michezo, kutoka juani: “Mkurugenzi, ule ulikuwa wimbo wa kukukaribisha! Tuliwakaririsha mwezi mzima. Hata usingizini wanauimba!”)

Nakushukuru, mwalimu, kwa kuthibitisha ubora wa ufundishaji wenu. Kaa chini. Kama huna kiti, chuchumaa.

Basi binti akarudi golini, akacheza mpaka mwisho. Wapo wanaosema kipindi cha pili alisimama ameutazama wavu na kuupa uwanja mgongo. Huo ni mtindo. Wapo wanaosema filimbi ya mwisho ilipolia alimuuliza nahodha wake mechi inaanza saa ngapi. Huo ni ukakamavu, mtoto alikuwa bado anataka kucheza! (Makofi machache.) Na leo hii, kama mnavyomwona na hii kofia ya kinga, ambayo ni ya kitambaa laini kinachopitisha hewa na ina picha yangu mbele, binti huyu ndiye balozi wa mradi, na mara baada ya hotuba hii ataingia golini katika mechi ya kirafiki ili dunia ione kwamba mfumo wetu unafanya kazi.

(Mwanamke anasimama katikati ya wazazi: “Mtoto wangu hachezi leo!”)

Nani huyo? Ni mama mzazi? Karibu, mama. Naambiwa mama yetu ni msusi, kazi nzuri, inayohusiana na kichwa moja kwa moja, kwa hiyo na wewe ni stekiholda. Muda wa maswali utakuja, mama. Haumo kwenye ratiba, lakini utakuja.

(Mama: “Si swali, baba. Nakwambia hachezi. Nilipomfumua nywele nilikuta nundu, sikuweza hata kupitisha kitana, analia. Tangu siku hiyo nikiwasha taa anafunika uso. Huyu mtoto nilikuwa namtuma dukani vitu chungu nzima, hasahau hata chumvi. Sasa anarudi mikono mitupu, anasimama mlangoni analia hajui nilimtuma nini. Na wewe unataka apigwe mashuti tena?”) (Minong’ono.)

Mama, nimekusikia, na naomba tusiingize hisia kwenye mambo ya kitaalamu. Watoto wa siku hizi kusahau dukani ni jambo la kawaida, mimi mwenyewe mke wangu akinituma nasahau, na kichwa changu hakijawahi kugonga kitu chochote. (Kicheko, safu ya mbele.) Na kwa taarifa yako, hofu yako ndiyo iliyotufanya tukeshe tukijenga. Geuka utazame kule nyuma ya vyumba vya madarasa, palipofunikwa pazia la buluu. Nyuma ya pazia lile, mama, kuna Kituo cha Kulinda Vichwa vya Wanamichezo, cha kwanza cha aina yake: chumba chenye giza na utulivu cha kupumzishia waliogongwa, chumba cha vipimo, na daktari wa zamu, ambaye mnamwona pale mlangoni na koti lake jeupe. Mpungie mkono, daktari. Mkono mwingine, huo umeshika funguo za gari. (Makofi.)

Kwa hiyo mtoto akigongwa leo, hatua ni chache tu, yuko mikononi mwa wataalamu. Sijui mzazi anataka nini zaidi. Haya, Sumaku, waambie wageni unajisikiaje. Sema kwenye kipaza sauti. Sema, mwanangu. Mbona unaniangalia hivyo? Mimi ni nani? Mgeni rasmi ni… Shikeni huyo! Shikeni, anatapika kwenye zulia! Zulia si letu! (Vurugu jukwaani. Binti ameanguka. Mama anapenya kati ya viti.)

Ndugu wananchi, tulieni, hii nayo ni sehemu ya onyesho! Wapiga picha, zimeni kwanza. Mama, mwache, kuna utaratibu wa kumbeba. Mama! Unampeleka wapi? Huko hapajazinduliwa! Pazia linafunguliwa na mgeni rasmi! (Mama, mtoto mabegani, amelivuta pazia. Linaanguka.) Mama, nakuomba, usishike hapo! Usishike huo mlango, rangi bado mbichi!

(Mama anagonga. Mkono wake unatoka na rangi ya kahawia. “Mlango huu umechorwa,” anasema, kisha anapiga kelele: “Jamani, umechorwa! Ni ukuta wa vyoo!”)

Naam. Naomba… tafadhali, sikilizeni, nimalizie shukrani, kwa sababu ndizo zitakazofafanua. Kwanza namshukuru mkuu wa shule kwa kutuazima ukuta wa nyuma ya vyoo. Namshukuru mchoraji wa mabango kwa mlango, madirisha mawili na muuguzi anayetabasamu dirishani, kazi safi iliyokamilika ndani ya muda. Naishukuru hoteli kwa zulia. Namshukuru dereva wangu kwa kukubali kuwa daktari hadi jioni. Dereva, unafanya nini? Mbona umevua koti? Usiwapakie humo! Gari hilo ni la ofisi, halibebi wagonjwa, mwalimu, teremka, viti ni vipya! (Gari linaondoka likipiga honi. Watu wanakimbia kulifungulia geti, kisha wanaendelea kutoka, kwanza wa juani, halafu wa kwenye turubai.)

Waheshimiwa, mbona mnaondoka? Mradi upo! Upo kwenye hatua ya maono! Nisaidieni kauli mbiu, nikisema “Kichwa salama”, ninyi mnaitikia “Kombe letu”. Kichwa salama! (Watu wanazidi kutoka.) Kichwa salama! Basi, kwa mamlaka niliyonayo, natangaza kwamba Kituo cha Kulinda Vichwa vya Wanamichezo kimefunguliwa rasmi, na nawashukuru sana kwa kunisikiliza.

(Viti vitupu. Mchoraji amerudi na brashi, anapaka upya kitasa pale kiganja cha mama kilipopafuta.)