Kachumbari ya Kunywa

Jumatatu, 11 Machi 1996
Mzee Opicho, mwenye bucha ya nyama choma hapa soko la Burma, Nairobi, hataki tena wakata kachumbari wawili. Ijumaa atabakiza mmoja: mimi au Mbinya. Nikiachwa, narudi Mukuru kusimama kwenye geti la kiwanda nikiomba kibarua. Sirudi! Mbinya hukata mteja akishaketi. Kobe! Mimi nitakata yote alfajiri na kuitia chumvi papo hapo. Maskini Mbinya.

Jumanne
Kufika mchana, karai limejaa maji. Kabichi imelala kama kitambaa cha kupangusia meza. Dereva mmoja aliuliza kama kachumbari hii huja na kikombe. Mbinya akamjibu kwamba hata mrija upo, bure. Jioni nikamlilia Mwalimu Nabalayo, jirani yangu Kayole, anayefundisha bayolojia. Akaeleza: kila seli ya mmea ina kifuko cha maji ndani, kinaitwa vakuoli. Kikijaa, husukuma kuta za seli na jani husimama imara. Chumvi ikiwa nje, huyavuta maji yatoke. Kifuko hunywea, jani hulegea. Akasema nitie chumvi mteja akishafika, basi. Yaani nimwige Mbinya? Maji yaliyotoka si yanaweza kurudi?

Jumatano
Yamerudi! Niliiloweka kwenye maji matupu, kabichi ikasimama kama askari. Lakini chumvi, ndimu na pilipili vyote vilibaki majini. Nyanya hazikufufuka. Mzee Opicho alionja, akatafuna sana, kisha akauliza chakula hiki ni cha mgonjwa gani.

Alhamisi
Vita. Kitunguu pekee ndicho Mbinya hukata mapema. Alipoenda kuteka maji, nilikimwagia chumvi. Vakuoli zinywee, naye anywee! Alirudi, akakiona, akakiminya, akakisuuza. Ukali wote ukatoka. Wateja waliozoea kulalamika kwamba kitunguu chake kinawaliza wakaomba sahani ya pili. Akanishukuru mbele ya mzee! Asante Griffins, alisema, hata mama hunikumbusha nikioshe kwa chumvi hivyo hivyo. Nilikosa pa kuficha uso.

Ijumaa
Mbinya. Mzee aliniambia kwa upole kwamba mikono yangu haina shida. Akanitazama kichwani. Akanifungia nyama ya kwaheri. Sikuila. Uongo: niliila njiani, nikilia.

Jumatatu, 18 Machi
Geti la kiwanda, Mukuru kwa Reuben, tangu kabla ya jua kutoka. Msimamizi alichagua aliye kulia kwangu. Akachagua aliye kushoto. Geti likafungwa. Nimekwisha. Nilipokuwa nikijikokota kurudi, nikawaona kina mama wanaowauzia vibarua sukuma wiki iliyokatwa tayari, ndani ya mifuko. Nikasimama. Kibarua anatoka kazini hoi, na bado afike nyumbani aanze kutafuta chumvi! Kwa nini isitiwe humo humo mfukoni, tangu asubuhi? Nairobi nzima, hakuna aliyewahi kufikiria! Naanza kesho. Chumvi nimeshanunua.