Kudra, Mtulivu, Anaendelea Vizuri

Jumatatu, 1 Machi 2004
Kompyuta nne za msaada zimeunganishwa kwa waya. Anachoandika mtoto kwenye moja kinaonekana kwenye zote. Ubao wa pamoja! Kila mtoto atatoa wazo lake. Madame Daphrose, mkurugenzi wetu, atakuja kutazama Ijumaa, kisha ataamua nani akabidhiwe ufunguo wa chumba cha kompyuta: mimi au Libère wa jiografia. Libère anataka kutunza ramani humo. Ramani!

Jumanne, 2 Machi
Risasi upande wa milimani tangu alfajiri. Masomo kama kawaida. Niliandika ubaoni: "Andikeni mawazo yenu kuhusu ziwa." Halafu kompyuta zote zikajaa: Andikeni mawazo yenu kuhusu ziwa. Tangu darasa la kwanza wamefundishwa kunakili kilicho ubaoni. Caritas, binti ya Libère, akauliza kama kichwa kinapigwa mstari mwekundu. Nikaandika kwamba ubao huu si wa kunakili. Wakanakili na hilo.

Jumatano, 3 Machi
Libère aliniuliza mbele ya walimu wote: "Mademoiselle Irène, ile tableau yako ya kompyuta inakula umeme ya bure, ama iko na kitu inafundisha?" Walicheka. Nilimjibu baada ya saa mbili, nikiwa peke yangu, kwa maneno makali sana.

Alhamisi, 4 Machi
Nimepata njia! Kesho nitakaa nyuma, kwenye kompyuta ya nne, na kuandika wazo zuri kwa jina la mwanafunzi. Wengine watapata ujasiri. Huu si udanganyifu. Ni mfano. Nimemchagua Kudra. Ni mpole, hatabisha.

Ijumaa, 5 Machi
Madame alikuja. Libère nyuma yake, bila kualikwa. Nikaandika: "Kudra: Ziwa linatuunganisha na majirani. Kwa nini tunaliita mpaka?" Zuri sana. Madame akavua miwani. Halafu darasa zima likanakili. Kudra, Kudra, Kudra, hadi chini ya ubao. Madame akasema amefurahi, Kudra asimame ampe mkono.

Hakuna aliyesimama.

Caritas akataka kusaidia. "Madame, Kudra alikimbilia Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mama yake, tangu Ramadhani ya Novemba. Kiti yake tunawekaka mifuko."

Madame akaniuliza, kwa upole, kwa nini basi kwenye ripoti ya Desemba niliandika: Kudra, mtulivu, anaendelea vizuri.

Umeme ukakatika. Ulichelewa kidogo kuniokoa.

Libère akauliza nani ana ndugu ng'ambo ya ziwa. Mikono yote juu. Walisema wote kwa pamoja, hata kengele haikusikika. Fujo tupu. Hakuna hata neno lililohifadhiwa.

Jumamosi, 6 Machi
Ufunguo anao Libère, kwa muda. Madame amenipa kipindi kimoja cha mwisho, Jumatatu. Baada ya hapo ni ramani. Nimejifungia chumbani kwangu, hapa mtaa wa Mutanga Sud, nikajichunguza bila kujihurumia. Kosa nimeliona: nilichagua mtoto asiyekuwepo.

Jumatatu wazo litatoka kwa Caritas. Hakosi shule hata siku moja. Tena baba yake atakuwepo kumpongeza.