Mkia wa Jenerali

Leo nimeaibika, na nusu ya mtaa wetu wa Mukendo imeshuhudia.

Mnajua nimekuwa najifunza kutunza manyoya ya mbwa kwa video za simu. Leo nikapata mteja wa kwanza, Mama Nyamisi. Mbwa wa mumewe anaitwa Jenerali. Ni seta, wale mbwa wa kuwindia ndege, manyoya yananing'inia mkiani, miguuni na masikioni kama pindo la pazia. Baba Nyamisi yuko Mwanza, anarudi jioni. Anampenda huyo mbwa kuliko gari.

"Punguza ncha tu," Mama Nyamisi akaniambia, akabeba kikapu kwenda sokoni. "Akipendeza, nakuletea marafiki zangu wote wa Bunda."

(Wote! Jasho likaanza hapo hapo.)

Nikachana. Nikakata ncha za mkia. Kushoto kukazidi kidogo. Nikasawazisha. Kulia kukazidi. Na Jenerali ana furaha, anatikisa mkia! Kila nikipeleka mkasi, mkia umeshahama. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi hata kitanda nakitandika mara mbili. Mkia ukabaki kama mwiko. Sasa miguu haifanani na mkia. Nikapunguza miguu. Masikio nayo yakawa kama ya mbwa mwingine. Nikachukua mashine ya kunyolea, nikapitisha kote, angalau alingane.

Akalingana. Kipara mwili mzima.

Hapo akatoka Bibi, mama mzazi wa Baba Nyamisi, mgeni kutoka Butiama, ndiyo kwanza ameamka. Akamwona Jenerali. Akaona mashine mkononi mwangu. Na kwetu mnajua wafiwa wananyolewa lini: wakishazika.

"Nani amekufa?"

Mimi nikiogopa, nakiri kila kitu. "Bibi, nisamehe. Ni mimi. Nilianza kidogo tu, nikashindwa kuacha."

"Uwiii! Mwanangu! Mmemzika bila kuniambia, mpaka mbwa wake mmemnyoa!"

Majirani wakajaa. Mmoja kaja na benchi. Mwingine akaanzisha pambio. (Nami nikaitikia. Sijui kwa nini.) Mama Nyamisi akarudi, akaangusha kikapu chenye samaki sato getini.

"Nani jamani? Nani?"

Jenerali akatoka mbio kumpokea, anatikisa kile kimwiko.

Wote wakamgeukia.

"Mbwa ananyolewaga hivi?" Mama Nyamisi akauliza, taratibu sana.

Mwenye benchi akalikalia mwenyewe, akacheka mpaka machozi. Mama Nyamisi akampigia mumewe simu, akamweleza; Bibi akamsikia mwanawe anafoka kuhusu mbwa, akatulia. Kisha akajifunga kitambaa vizuri kichwani, nywele zote ndani, akanigeukia. "Wewe mjukuu wangu, kaa hukohuko na hiyo mashine."

Marafiki wa Bunda ndiyo basi tena. Ila yule wa benchi amenifuata getini. Shemeji zake wa Buswahili wamefiwa kweli, wanatafuta mtu wa kunyoa familia.

Nimekubali. Msibani angalau hakuna wa kutikisa mkia.