Marahaba Inayonikosesha Ushindi

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Matiasi,

YAH: WAZEE KUNIHARIBIA MBIO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Modestus, fundi cherehani na mwanamichezo wa mbio za viatu vya magurudumu. Viatu vyenyewe nilivipata kwenye mitumba ya Kabanga. Kimoja namba arobaini na mbili, kingine arobaini na tatu, lakini vinakwenda. Nina miaka arobaini na minane na sijashinda hata mara moja. Leo saa tatu asubuhi nashindana tena na Niyonkuru, yule mbadilisha fedha wa mpakani, na magoti yananiambia hii ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo nalalamika:

1. Mwezi uliopita nilikuwa mbele, haki ya Mungu! Mteremkoni nikamkuta mama mkwe wangu, Bi. Petronila, na kikapu cha maharage. Mkwe hapitwi hivihivi. Kusimama tu kulinichukua hatua hamsini, kisha nikapanda kilima kurudi kumwamkia. Akauliza habari za watoto, mmoja mmoja. Tunao saba. Niyonkuru akapita akitupungia mkono.

2. Mzee Juvenali nilimwamkia nikiwa kwenye kasi. Marahaba yake ilipotoka, mimi nilishafika zahanati. Jioni akaja nyumbani kunikabidhi marahaba hiyo, akala kuku karibu mzima.

3. Tangu hapo wazee wote wanakaa kando ya lami kunisubiri. Hata bibi yake jirani yangu Gidioni, aliyesema miguu haimbebi, ametoa kigoda chake!

Naomba, kwa heshima zote, wazee watoe marahaba moja ya jumla pale tunapoanzia, itutoshe hadi mwisho. Likishindikana hilo, shikamoo zisitishwe kijiji kizima kwa saa moja. Likishindikana na hilo, Niyonkuru aozwe hapahapa, naye apate wakwe njiani. Dada yangu Jovitha hajakataa.

Nisalimie wote hapo nyumbani, maana mimi sina nafasi.

Wako mtiifu, mwenye haraka,
Modestus

N.B. Barua nilishaisukuma chini ya mlango wako nikaondoka. Nilipofika njia panda moyo ukanipiga paa! Sikukuamkia. Nimerudi mbio, na mama, mkeo, amenipa barua niongeze mstari huu: Shikamoo, Mzee. Anasema uko misa ya kwanza. Sasa ni saa tatu kasorobo. Viatu nimevua, nimekaa hapa kizingitini. Niyonkuru na atangulie. Mimi nakusubiri uitikie.