Nyigu wa Rangi ya Kucha

Jumatatu, 6 Mei

Naahidi kuandika kila kitu, hata yale yanayoniaibisha. Shangazi, shajara hii ulinipa wewe, na kurasa zake nitakutumia kwa posta, kwa sababu katika ukoo mzima ni wewe tu usiyepiga kelele ukiona mdudu.

Habari kubwa: tuna nyigu! Wamejenga kiota juu ya dirisha la jikoni, upande wa nje. Kinaning'inia kama ua la karatasi lililopinduliwa. Karatasi hiyo wanaitengeneza wenyewe kwa kutafuna mbao. Nimewatazama tangu nilipotoka shule. Wanafanya kazi. Hawagombani. Si kama watu wa nyumba hii.

Habari mbaya: Baba ameita fundi rangi, anakuja Jumamosi. Kiota kitachomwa kabla brashi haijagusa ukuta. Nilimweleza Baba kwamba nyigu wanakula viwavi wanaoharibu mboga za Mama. Akasema viwavi hawajawahi kumuuma.

Lazima niwaokoe. Mpango wangu: nitamwonyesha Baba kwamba kila nyigu ana kazi yake na tabia yake. Ukishamjua mtu huwezi kumchoma. Ila ili umjue, lazima umtofautishe na wenzake. Nitawatia alama.

Jumanne, 7 Mei

Nyigu hutiwa alama akiwa amepoa. Baridi humlegeza, naye hutulia. Basi asubuhi, kabla hawajachangamka, niliwanasa kadhaa kwa glasi na kipande cha kadi. Nikawatia kwenye kopo la siagi, nikaliweka kwenye friji nyuma ya maziwa. Kwa heshima kabisa.

Rangi ni ile nyekundu ya kucha za Dada. Sikuiba. Niliazima bila kumwamsha.

Nilikosea jambo moja tu: nilikwenda kupiga mswaki. Unajua nyumbani kwetu kopo la siagi halina siagi. Lina vifungo. Lina vitunguu. Lina mchuzi wa jana. Nani angelifungua akitafuta siagi? Kumbe jana Mama alinunua siagi!

Shangazi, nyigu aliyepoa hamrukii mtu. Walitembea tu, polepole, juu ya mkate. Lakini Mama hakungoja maelezo. Alipanda juu ya kiti. Sikujua kama anaweza. Niliwazoa kwa kijiko, nikawapaka nukta zao, huyu moja, huyu mbili, huyu tatu, palepale mezani, nikawarudisha dirishani. Muda wote huo Mama alikuwa juu ya kiti akiuliza amemkosea nani hata akapewa mtoto anayefuga maumivu.

Jumatano, 8 Mei

Mafanikio! Nukta Moja hatoki kiotani. Nadhani ndiye malkia. Nukta Mbili na Nukta Tatu huruka juu ya ukuta wa jirani, kisha hurudi na donge la mbao mdomoni. Wanalitoa wapi? Sijui bado.

Nilimwita Baba aje aone. Alikuja. Akatazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, nami nikaanza kupata matumaini. Kisha akauliza kama ile si rangi ya kucha.

Dada alikuwa nyuma yake. Yaliyofuata hayahusiani na sayansi.

Alhamisi, 9 Mei

Jioni alikuja jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama. Watoto wa mtaa tunamwita Mzee Utulivu, kwa sababu hilo ndilo neno analotupigia kelele kila siku. Sikio lake moja lilikuwa la kawaida. La pili lilikuwa kama puto.

Nikamwamkia shikamoo. Alifungua kiberiti, akakiweka mezani mbele ya Baba. Ndani kulikuwa na nyigu aliyekufa, mwenye nukta tatu nyekundu mgongoni.

Mzee Utulivu akasema ameshika vielelezo vya kesi maisha yake yote, na hajawahi kuona mshtakiwa aliyekwenda kufanya shambulio akiwa amejipamba. Sote tukamtazama Dada. Dada akanitazama mimi.

Masikini Nukta Tatu! Niliumia kweli. Nikampa mzee pole ya sikio, nikaomba radhi kwa adabu, kisha nikamuuliza alikuwa amekaa wapi. Akasema barazani kwake, kwenye kiti chake cha mbao. Kiti kilichopakwa vanishi? La, hakijawahi kupakwa kitu. Basi nimepata! Nikampa habari njema kwamba nyigu wetu wametafuta mbao mtaa mzima na kukichagua kiti chake.

Akashika sikio lake, akamuuliza Baba kama nimewahi kupelekwa hospitali.

Baba amesema Jumamosi ni mbali mno, lakini atavumilia.

Jumamosi, 11 Mei

Fundi rangi alipanda ngazi na mwenge wa matambara. Mimi chini, machozi tayari. Akakisogelea kiota, akachungulia nukta. Kisha akauzima mwenge, akashuka.

Akamwambia Baba hawa wana mwenyewe. Nyigu wa porini yeye fundi atamchoma hata kesho, lakini mnyama mwenye alama hamgusi tena. Aliwahi kuhamisha njiwa wenye pete miguuni, na mwenyewe akamfuata mpaka kwake na rungu. Anataka ruhusa ya mwenye mifugo.

Baba akasema mwenye nyumba ni yeye. Fundi akajibu, "Nyumba ni yako, bosi. Mifugo je?"

Ndipo Baba akanigeukia. Shangazi, Baba yangu mzazi aliniomba ruhusa! Nilimjibu kwa unyenyekevu kwamba naomba muda wa kufikiri. Nikafikiri. Fundi naye akapata muda wa kunywa chai, kisha kikombe cha pili. Mwishowe Baba alipiga ukelele kwamba ukuta upakwe, kiota kirukwe, na asisikie tena neno nyigu.

Ukuta ni mweupe wote, isipokuwa duara la rangi ya zamani kuzunguka kiota. Ukiwa barabarani, nyumba yetu inaonekana ina jicho moja. Baba alilitazama, akaingia ndani.

Ushindi!

Jumapili, 12 Mei

Wameondoka. Wote. Ni harufu ya rangi, na mimi niliyejidai mtaalamu sikuifikiria. Kiota kitupu, na mle katika vyumba vyake vidogo mabuu wamekauka.

Baba ameuliza sasa lile duara ni la nani. Fundi hapokei simu.

Nilikaa chini ya dirisha mchana kutwa. Mama aliniletea chai, akaniambia pole mwanangu. Alipokuwa akirudi ndani nikamsikia akimshukuru Mungu.

Jumanne, 14 Mei

Nimetoka shule, sijavua hata viatu, sauti ikavuka ukuta: "We binti! Njoo uchukue mifugo yako!"

Wapo, Shangazi! Wamehamia chini ya kiti cha Mzee Utulivu! Kiota kipya, kidogo kama kifuniko cha chupa, na Nukta Moja yuko juu yake kama bibi harusi. Mzee alikuwa amesimama barazani kwake na kikombe mkononi, kwa kuwa hana pa kukaa.

Baba alikuja mbio na mafuta ya taa. Nikafumba macho. Lakini Mzee Utulivu akatanua mikono mbele ya kiti. Hicho kiti alipewa siku aliyostaafu, akasema, na atakayekichoma aanze na yeye. Baba akarudi na mafuta yake, akiongea peke yake.

Hukumu imetolewa: nitakwenda huko kila siku baada ya shule, hadi nyigu wahame kwa hiari yao. Kila siku! Nimekubali kwa masikitiko makubwa.

Nilipokuwa naondoka mzee akanung'unika kwamba yule wa nukta mbili alitoka asubuhi na hajaonekana tena, je, ndiyo malezi hayo?

Nyigu wengine hawana alama bado. Kesho nitachukua glasi, kadi, na rangi ya kijani ambayo Dada hajajua kwamba haipo. Friji ya mzee ni kubwa kuliko yetu, na nimeona ana kopo la siagi.

Sasa nijibu kwa posta ya kwanza, tafadhali: wale mavu wakubwa waliojenga kwenye dari ya stoo yako, wakipozwa vizuri, wanaweza kuvumilia safari ya basi?