Kwa Nini Wanazalia Nyumbani

Jumatatu, 4 Machi
Nagombea uenyekiti wa kamati ya afya ya kijiji. Mpinzani wangu ni Alois, muuza dawa za mifugo. Sauti anayo, akili hana. Mganga wa zahanati analalamika kwamba wanawake wengi hapa wanazalia nyumbani. Kwa nini? Hakuna ajuaye! Nitajua mimi. Nimenunua daftari. Jumapili nitasoma majibu mkutanoni, Alois azimie.

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza na wanaume, pale kwenye bani la kukaushia tumbaku. Wote wamejibu kwamba wanawake ni wabishi. Nimeandika. Kisha nikamuuliza Minza, mama wa watano, watatu kawazalia nyumbani. Alicheka hadi akakaa chini. Wa tatu, aliogopa nesi aliyemfokea mbele za watu kwa kukosa beseni. Wa nne, mvua, mto umejaa. Wa tano, mama mkwe alikataa. Na mumewe? Alisema wamalize kwanza tumbaku.
Nimeandika: mvua.

Jumatano, 6 Machi
Nimempeleleza Bibi Getruda, mkunga wa jadi. Nilijifanya tumbo linaniuma. Akanikanda, akanipa uji wa ulezi. Nikalala hadi adhuhuri! Siri nimeipata: kwake hakuna anayefokewa. Lakini akasema siku hizi yeye huwasindikiza wajawazito hospitali. Wanaomshinda ni wale ambao waume zao hawajatoa ruhusa. Akanitazama sana. Nadhani macho yake ni mabovu.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu Levina, ambaye mimba yake imetimiza miezi tisa, anataka kwenda Urambo kwa dada yake, akasubirie karibu na hospitali. Uzazi wa kwanza alivuja damu, nusura tumpoteze. Nikamwambia wazo zuri mno, tutalijadili baada ya mkutano. Tumbaku ya mwisho bado iko banini. Maswali ya daftari sikumuuliza. Ya nini? Namjua.

Jumapili, 10 Machi
Niliondoka alfajiri kupanga viti. Mkutano ukajaa. Nimefika ukurasa wa saba, Alois akasimama. Wivu! Kumbe Bibi Getruda amempigia simu yeye, yangu nilikuwa nimeizima. Uchungu ulimshika Levina nilipotoka tu, Bibi akamkimbiza Urambo kwa pikipiki, na sasa anavuja damu.
Alois akanipakia kwenye pikipiki yake. Matope hadi magotini. Njia nzima hakutaja uchaguzi hata mara moja.

Jumatatu, 11 Machi
Binti! Mzima! Na mama yake mzima. Damu waliiwahi. Daktari akaanza kusema, kama mngekuwa nyumbani, halafu akanishika bega. Nimekwenda chooni, nikalia.
Bibi Getruda amesinzia kwenye benchi, viatu vimejaa tope. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, sijui kama alisikia.
Levina alipofumbua macho nikamuuliza imekuwaje akaja bila ruhusa yangu.
"Kwa sababu hukuwepo," akasema. Akageukia ukutani.

Jumanne, 12 Machi
Nimelitafakari jibu la Levina. Jipya kabisa! Katika kijiji kizima hakuna aliyelitoa. Mke huzalia hospitali mumewe asipokuwepo!
Nimekwisha andika barua kwa serikali ya kijiji. Napendekeza kila mwenye mke mjamzito apelekwe mbali mwezi wa tisa wa mimba ukifika. Igunga, pengine. Kambi iwe na kivuli na jiko zuri.
Mimi nitajitolea kuisimamia.